Majibu Niliyomjibia Dada

Juma lililopita nilimpeleka binti yangu hospitalini Kasulu. Ana miaka kumi na minne, na tangu baba yake afariki anapigana shuleni, anachana madaftari, usiku halali. Muuguzi akatoa karatasi ya maswali, akaanza kusoma: "Unalala vizuri? Unakula?" Lo! Maswali hayo nayajua, ndugu yangu. Niliwahi kuyajibu, na hayakuwa yangu.

Mimi na dada yangu tulikulia kijijini Titye, kwa bibi. Hata leo nikiletewa ugali wa muhogo na maharage ya chungu, nausikia mchi wa bibi ukidunda kinuni alfajiri, na dada akiimba huku anapepeta. Mama alipokufa, dada akaacha kuimba. Akawa anauma wenzake darasani, anapigiza kichwa ukutani. Bibi alisema ni kiburi tu. Mwalimu mkuu akamwita mtaalamu wa kupima akili za vijana.

Asubuhi ya kuja mtaalamu, bibi alitwanga huku akituonya. "Mgeni akiwauliza, semeni hatuna shida. Msije mkaniaibisha." Kwetu mgeni hupewa kigoda, maji na habari njema. Shida hapewi.

Mtaalamu alikuwa mama mpole kutoka mkoa mwingine, lugha yetu ya Kiha hajui. Dada naye akiogopa, Kiswahili cha kusema kilimpotea chote. Basi nikawekwa mimi, mtoto wa miaka kumi, niwe mkalimani. Bibi aliketi mlangoni na kitenge chake kipya.

"Muulize, kuna siku anatamani asiamke?"

Nikamwuliza dada kwa Kiha. Alikuwa ameshika gauni langu. Akasema polepole, "Ego." Ndiyo.

Nikamtazama bibi. Nikasema, "Hapana, mama. Anasema hapana."

Dada akaliachia gauni langu.

Mengine yote nikayajibu hivyo hivyo. Mtaalamu akaandika kwamba mtoto hana tatizo, ni utundu wa umri. Bibi akamfungia kuku wa kuondoka naye. Jioni nilipewa kipande kikubwa cha samaki, mgebuka, kwa kuwa na adabu mbele ya mgeni, nikakila chote, mjinga mimi, mpaka nikalamba vidole. Kabla mahindi ya mwaka ule hayajakomaa, tulimzika dada. Alijitoa uhai. Hakuna aliyeniuliza kitu, wala sikusema.

Sasa bibi hayupo, kinu kililiwa na mchwa, na ile nyumba ni kichuguu cha udongo mwekundu chenye magugu. Wimbo wa dada nimeusahau, na hilo linaniuma kuliko yote. Nimebaki na lile neno lake moja.

Basi juma lililopita muuguzi naye akafika kwenye swali lile lile. "Kuna siku unatamani usiamke?"

Binti yangu alinitazama mimi kwanza.

Nikainuka. "Usinitazame mimi, mwanangu. Mwambie kweli." Nikatoka nje. Mlango haukufungika vizuri, nikamsikia akisema, "Ndiyo."