Zamu ya Pedi Loon Portage

Saa moja asubuhi, Jumamosi ya kwanza ya Novemba. Ndani ya ukumbi wa barafu wa Loon Portage, kaskazini mwa Minnesota, Doreen Maki amepiga magoti mbele ya mtoto wa miaka tisa, anamfunga pedi za miguuni za golikipa. Pedi zinakaribia kiuno.

"Kocha, siwezi kutembea!"

"Nani kakwambia utembee? Kazi yako kuziba. Ukianguka, angukia golini."

Wazazi kwenye mabenchi wanacheka, kahawa mkononi. Zamu ya kuvaa pedi humfikia kila mtoto, apende asipende, maana hapa timu ya mpira wa magongo wa barafuni ni ya mji na pedi ni za mji. Hakuna ajuaye kipaji kimejificha kwa nani mpaka mtoto avalishwe.

Doreen, mwenye miaka sitini na moja, huendesha basi la shule siku za wiki. Ukocha haumpi hata senti. "Nalipwa kahawa," anasema, "nayo mbovu."

Ndivyo alivyompata Britta Lahti. Miaka sita iliyopita Britta alivalishwa pedi akilia, akamaliza zamu, kisha akagoma kuzivua. Leo ana miaka kumi na tano. Hadi juzijuzi ndiye aliyekuwa golikipa wa wasichana wa sekondari, na wa pili hakuwapo.

Njia ya kwenda kuchezea chuo kikuu inajulikana. Mtoto anaanzia timu ya mji, kiangazi anachujwa kwenye kambi ya mkoa, na akibahatika anaitwa timu ya mkoa, ambako makocha wa vyuo huenda kutazama. Loon Portage hawafiki. Ni mbali, na theluji huku haina huruma.

Septemba, Britta akaitwa. Timu ya mkoa iko jijini Duluth, na anayejiunga lazima ahamie huko msimu mzima. Akiondoka, wenzake hawana golikipa, na bila golikipa timu inafutwa kwenye ratiba. Nahodha wao ni Tess, mjukuu wa Doreen, aliyelelewa nyumbani kwake tangu akiwa mchanga.

Baba yake Britta, Wayne, mchimbaji wa madini ya chuma, alimfuata Doreen kuomba ushauri. Alisimama mlangoni akizungusha kofia mikononi.

"Sema neno moja tu, Doreen. Ukisema abaki, atabaki. Mimi hanisikilizi, anakusikiliza wewe."

Doreen hakumjibu siku hiyo. "Nilijua akibaki nafaidika mimi," anakumbuka. "Mtu akiombwa ushauri kwenye jambo linalomfaa mwenyewe, auchunge mdomo."

Siku ya pili akasema aende. Jioni yake, mezani, Tess aliweka uma chini.

"Bibi, umetumaliza."

"Nimemfungulia mwenzio mlango."

"Na wetu umeufunga."

Maji yalikuwa yameshamwagika. Tangu Britta ahame, wiki tatu sasa, mazungumzo ya bibi na mjukuu hayajavuka "nipe chumvi." Doreen hafichi kwamba inamuuma. "Nililia ndani ya basi, kabla watoto hawajapanda. Sijutii nilichosema. Lakini mtoto wangu alisema kweli, na kweli haina dawa."

Jumatatu timu ya wasichana inapaswa kumtaja golikipa wake mpya. Hayupo.

Mlango wa ukumbi unafunguliwa. Anaingia Tess, begi begani, hasalimii mtu. Anakwenda kwenye rafu ya pedi, anachukua zile za Britta, anakaa benchi moja na watoto wa miaka tisa. Ananyoosha mguu.

"Unataka nini?" Doreen anauliza.

"Zamu yangu."

"Wewe mshambuliaji, Tess. Ndiyo kwanza umeanza kutazamwa na watu wa mkoa. Kambi ya kiangazi utakwenda kama nani?"

"Kama mtu mwenye timu. Funga, Bibi, watoto wanatuangalia. Kushoto kwanza."

Doreen anafunga kushoto kwanza. Mikanda inamchukua muda mrefu, na hainui uso mpaka amemaliza.

"Nataka nipate golikipa mwingine kabla huyu hajamaliza shule," anasema baadaye, akimtazama Tess akipepesuka kuelekea golini. "Arudi mbele kushambulia, hata msimu mmoja. Kila Jumamosi nitavalisha wawili badala ya mmoja."

Kutoka goli la pili sauti inapasua ukumbi: "Kocha! Zamu yangu imeisha! Nivue!"

"Huyo siye," anasema Doreen, na kumwita anayefuata.