Samaki Wawili wa Chumba cha Viti Vinane

Saa kumi na moja na robo alfajiri, mgonjwa wa kwanza akiwa bado njiani, mwanamume mwenye ndala za plastiki anapiga magoti mbele ya bomba. Anakinga maji kwenye kichupa kisichozidi kidole gumba, anadondoshea dawa matone matano, kisha anakiinua kwenye taa na kukikodolea macho. Dakika nzima inapita. Maji hayageuki rangi.

“Salama,” anasema, ingawa hakuna wa kumwitikia.

Anahamia kona ya pili ya chumba, penye tangi la kioo la lita tisini, na kukinga kichupa kingine. Samaki wawili wa rangi ya chungwa, wenye mistari myeupe mwilini, wanamkimbilia hadi kwenye kioo kama watoto waliosikia geti likifunguliwa.

“Nyinyi ngojeni,” anawaambia. “Kwanza watu.”

Wenzake wamemzoea kwa jina la Fundi Maji. Ana umri wa miaka 44, na kwa miaka kumi na mmoja kazi yake imekuwa kusafisha maji ya kitengo hiki, ambako watu ambao figo zao zimegoma huja kusafishwa damu kwa mashine. Viti ni vinane. Kila mgonjwa hukaa saa nne, mara tatu kwa wiki, na katika kila kikao mashine yake hutumia lita mia moja na ishirini za maji.

“Haya ya bomba unayokunywa wewe yana dawa ya kuulia vijidudu,” anaeleza. “Wewe hayakufanyi kitu. Yakipita kwenye mashine jinsi yalivyo, huyu mtu wangu anaumwa hapohapo. Na samaki ni hivyohivyo. Nilipolijua hilo nilikaa chini.”

Alikaa chini kweli, kwenye ngazi za chumba cha mitambo, akistaajabu. Miaka yote alikuwa akitengeneza maji ambayo samaki wa baharini angeyafurahia, asijue. Kilichokosekana ni chumvi tu.

Wazo la tangi lilitokana na saa ya ukutani. Fundi Maji anasema alichoka kuona watu wanane wakiitazama saa hiyo kwa saa nne. Duka moja la nguo lilipofungwa, akapewa tangi lililokuwa limetupwa stoo, akalibeba hadi nyumbani kulisugua.

“Wenzako wanaleta kuku nyumbani, wewe unaleta dirisha,” mkewe, ambaye ni mshonaji, alimwambia. Lakini ndiye aliyelishonea kifuniko cha wavu, samaki wasije wakaruka nje.

Mkuu wa kitengo, daktari mwenye maneno machache, alikubali kwa sharti moja. Mwaka uliotangulia viti viwili vilibaki wazi, na wagonjwa waliosalia walikaa wiki nzima bila kutaniana. “Hapa watu hawaulizi mwenzao yuko wapi, wanaangalia kiti,” alimwambia fundi. “Samaki akifa mbele ya wagonjwa wangu, tangi linatoka kabla sijamaliza chai yangu. Umenielewa?”

“Nimekuelewa, daktari.”

Basi hapo ndipo roho ya fundi wetu ilipohamia mkononi. Aliyemfundisha ufugaji huu, muuza samaki mmoja wa ng’ambo ya mji, alimwambia aweke mawe, mchanga, maji ya chumvi, pampu na taa, halafu asiweke samaki. Asubiri mpaka maji yaive, yaani vijidudu vyema viote kwenye mawe na kuanza kuuvunja uchafu ambao samaki atautoa. Akaambiwa wiki sita.

Wiki sita za kutazama mawe! Mgonjwa wa kiti cha tano, ambaye zamani aliendesha malori na bado anaitwa Dereva, hakumhurumia.

“Fundi, hao samaki wako wamejificha, au ndio hayo mawe?”

“Mvumilivu hula mbivu, kaka.”

“Mbivu zenyewe daktari katukataza!” Dereva akajibu, na chumba kizima kikacheka, kwa maana matunda mengi ni sumu kwa mtu wa figo.

Mawe yakaota vumbi la kahawia, kisha ukungu wa kijani. Fundi akaleta konokono sita wa kuula ukungu huo. Siku ya konokono wagonjwa watatu waliomba viti vyao vigeuzwe.

Ndipo ukaja ubishi wa nani aingie. Dereva alitaka samaki wa bluu aliyemwona kwenye picha. Fundi akamwambia kwamba huyo akikomaa anafika urefu wa mkono kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko, tena anapenda kukimbia masafa. “Ukimtia humu ni sawa na lori lako kwenye korido hii,” alisema. Dereva akaachana na samaki wa bluu. Hoja ya lori aliielewa.

Mwingine alitaka wengi, kumi hivi, chumba kichangamke. Fundi akakataa. Tangi la lita tisini lingebeba wawili, wakizidi sana watatu, na waingie wagumu, wapole, wasiokua sana. Akachagua hawa wa rangi ya chungwa, waliozaliwa ndani ya tangi na si kuvuliwa baharini, kwa kuwa wamezoea chakula cha mkononi. Dukani aliomba walishwe mbele yake. Waliokuja mbio kula ndio aliowachukua.

“Muuzaji alinipa watano kwa bei ya watatu,” anasema. “Mkono uliniwasha. Nikajiambia, hapana.”

Siku walipofika, hakuwamimina tu. Aliwaweka kwenye ndoo na kuwadondoshea maji ya tangi tone baada ya tone, kwa mrija mwembamba, muda wa saa moja, ili miili yao iizoee hali mpya.

“Jamani, nao wamewekewa dripu!” Dereva alipaza sauti. “Karibuni kundini!”

Baada ya wiki tatu yakaja matumbawe, aina mbili zinazowafaa wanaoanza ufugaji. Moja ni jiwe lenye viduara vya kijani na zambarau, ambavyo wagonjwa waliviita Vifungo. La pili lina vishina vyeupe vyenye viganja vidogo nchani, na hivyo viganja hufumba na kufumbua mchana kutwa, bila upepo wala mkono wa mtu.

Kusema kweli, ukiliona mara ya kwanza unasahau ulichokuja kufanya. Mwanamke wa kiti cha tatu, mpishi mstaafu wa shule ya bweni, alilitazama saa nne bila kugeuka. Hapa anaitwa Mpishi, na chumbani humu hakuna anayemzidi umri.

“Ni ua?” aliuliza.

“Ni mnyama, mama. Wanyama wengi, wamekaa pamoja.”

“Mnyama,” alirudia polepole. “Subhana! Mnyama anapiga makofi, na sisi tumelala.”

Kuanzia siku hiyo alikuwa akihesabu. Makofi thelathini na mawili kwa dakika, siku nyingine thelathini na manne. Muuguzi akimpima mapigo ya moyo, yeye anapima ya mwenzake.

Halafu, siku ya kumi na mbili tangu matumbawe yaje, Viganja vikasimama.

Vifungo navyo vilikuwa vimejikunja. Samaki mmoja alikaa juu karibu na pampu, mashavu yakienda mbio. Hakuna aliyemtania fundi asubuhi hiyo, na yeye alilijua jambo hilo kuliko mtu yeyote. Akapima kila alichojua kukipima. Joto lilikuwa sawa. Uchafu haukuwepo. Akapima na maji ya kwenye ndoo, yale anayolijazia tangi kila asubuhi kwa vile lita moja hivi hupotea kwa siku kama mvuke, na ambayo tangu matumbawe yaje alikuwa ameanza kuyatia chumvi ili yafanane na ya bahari. Chumvi ilikuwa gramu thelathini na tano kwa lita, sawasawa na jana, sawasawa na juzi.

“Daktari alikuwa apite saa nne,” anakumbuka. “Nilikuwa nimeshaanza kufikiria nitalitoa kwa mlango gani, wasinione.”

Mpishi akamwita. Mkono wake wa kushoto ulikuwa kwenye mashine, akatumia wa kulia.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Hebu niambie. Hayo maji unayoongeza, yana chumvi?”

“Ndiyo, mama. Nimeyapima, yako sawa kabisa.”

“Na yanayopotea, yanaondoka na chumvi?”

Fundi Maji akageuka kuitazama ndoo.

“Miaka thelathini nimepika sufuria za watu mia nne,” Mpishi akasema. “Mchuzi ukikauka jikoni, unaongeza maji matupu. Ukiongeza ya chumvi, watoto hawali. Na mimi mwenyewe hapa nilipo, chumvi ikiingia haina pa kutokea, inangoja mashine. Huyo samaki wako mashine hana. Umemlisha chumvi siku kumi na mbili, baba.”

Alipima tangi lenyewe. Karibu gramu arobaini. Kosa lake lilikuwa la mtu wa kazi yake hasa. Kwenye kitengo hupimwa maji yanayoingia, yakiwa safi mgonjwa amesalimika. Hivyo kila siku alipima ndoo, akaridhika, na tangi hakuligusa.

“Niliona aibu,” anasema. “Halafu nikaona ajabu kubwa kuliko aibu. Huyu mama hajaonja chumvi miaka minne. Ndiye aliyeiona.”

Mkono ulimtuma ayabadilishe maji yote papo hapo. Mpishi akamzuia kwa neno moja, “Polepole,” kwa kuwa anajua mwili unavyotetemeka maji yakichotwa kwa pupa. Siku sita mfululizo fundi alitoa lita mbili za maji ya chumvi na kurudisha matupu, na kilichopotea kwa mvuke akakijazia matupu pia.

Na daktari? Alipita saa nne kama alivyoahidi. Akamtazama samaki aliyekuwa juu, akamtazama fundi. Fundi akasimulia yote bila kuficha.

“Hajafa,” Dereva akadakia kutoka kiti cha tano. “Sharti lako lilikuwa akifa.”

Daktari akauliza ni nani aliyegundua. Watu saba wakamwelekezea Mpishi vidole. Akasema atarudi Ijumaa ya wiki ijayo, akaenda zake.

Ijumaa ile, muda si mrefu baada ya mashine kuwashwa, kiganja kimoja kilifumbua. Kikafumba. Kikafumbua tena, na cha pili yake kikafuata. Muuguzi alisimama na mkanda wa kupimia presha mkononi, machozi yakimtoka, na hakuyafuta. Daktari alipoingia alikuta chumba kizima kimeelekea tangi, akavuta kiti akakaa. Chai yake ililetwa hapo hapo, ikapoa. Alipoinuka alisema tangi libaki.

Leo samaki wote wawili wanakula kwa fujo. Akiulizwa anapanga nini mbele, Fundi Maji anacheka na kukuna kichwa, kwa kuwa jambo hilo limeshatoka mikononi mwake.

Wiki iliyopita Mpishi alimuuliza samaki hawa wanalala wapi. Fundi akamweleza kwamba baharini hulala ndani ya mnyama laini mwenye mikono mingi, aitwaye anemoni. Mikono hiyo huwachoma samaki wengine, lakini hawa huwakumbatia.

“Mlete basi,” Mpishi akasema.

“Huyo hawezi tangi changa, mama. Anataka maji yaliyotulia mwaka mzima.”

Neno lilipomtoka alitamani kulirudisha. Kwa miaka kumi na mmoja hajasikia mtu yeyote chumbani humo akitaja mwakani. Hutaja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, basi. Mashine zikavuma. Dereva akajifanya anatengeneza shuka.

“Leo tarehe ngapi?” Mpishi akauliza. Akaambiwa.

“Andika, basi. Tarehe kama ya leo, mwakani. Na usimlete siku ya wale wa Jumanne, wakamwona kabla yetu. Umlete siku yetu, na sote tukiwepo.”

“Na rangi tuchague wenyewe!” akasema Dereva.

Fundi Maji ameiandika tarehe hiyo. Anasema sasa anawaombea Mungu watu wanane kwa majina yao, kiti kwa kiti, kila anapoyapima maji yao.