Aliyoyasema Kwenye Maji ya Moto

Mimi na mume wangu hatukuwahi kwenda likizo. Katika miaka ishirini na saba ya ndoa tulisafiri kwenda misibani, harusini na kuwapeleka watoto shule, basi. Kwa hiyo binti yetu mkubwa alipotupangia siku sita Gisenyi, mji wa kando ya ziwa, tulipanda gari kutoka Kayonza kama watu waliotumwa kazi wasiyoijua. Mimi ni mwalimu, yeye ni fundi cherehani. Sote tulizaliwa Tanzania, wazazi wetu wakiwa wakimbizi, na mpaka leo tukiwa wawili tunaongea Kiswahili.

Ukishapita Mahoko barabara inateremka, na ghafla ziwa likatokea chini yetu, pana kuliko nilivyolifikiria. Mume wangu alisema tu kwamba hewa imebadilika.

Siku mbili za kwanza hatukujua pa kujiweka. Saa nne asubuhi tulikuwa tumeshakunywa chai, tumetembea chini ya mitende ya barabara ya ufukweni, tumerudi, tumekaa. Nikaanza kutazama watu. Asubuhi wanawake walipita na mabeseni ya karoti na kabichi kichwani wakielekea mpakani, wakiongea kwa sauti kubwa. Goma, mji wa nchi jirani, iko palepale. Nilijaribu kuona mji mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi, nikaona mabati tu yakiendelea. Jumapili alasiri familia ziliteremka ufukweni na nguo zao za kanisani. Wazee wa heshima walivua viatu na soksi, wakakunja suruali, wakasimama majini mpaka magotini bila kufanya lolote. Hakuna aliyewacheka. Nilimwambia mume wangu naye akasimame pale. Akasema maji ni baridi.

Kitu kingine nilikiona nisikitie maanani. Yeye anayeshona mashati ya watu alikuwa amebeba fulana tupu, na sambaza wa kukaanga, samaki wadogo ambao kila mtu pale anawala kwa mkono, aliwala kwa uma. Nikadhani mji wa watalii umemwingia.

Siku ya nne tulikodi pikipiki mbili kwenda kwenye chemchemi za maji ya moto. Maji hutoka ardhini kando kabisa ya ziwa, ya moto kiasi kwamba watu huchemshia viazi. Kuna mwanamke wa makamo pale ambaye kazi yake ni kukanda wageni. Alituambia kwamba ameolewa Goma na mama yake anakaa upande huu, kwa hiyo yeye ni wa kote kuwili. Alinikanda miguu kwanza. Kisha akamkalisha mume wangu kwenye jiwe, akaushika mkono wake wa kulia, akaanza kubonyeza vidole kimoja kimoja. Akaacha.

"Papa, mukono hii iko inauma ao iko inalala?"

Mume wangu alijaribu kukunja vidole. "Unalala," akasema. "Tangu kabla ya Pasaka. Sindano naiona lakini siisikii."

Yule mwanamke akanigeukia. "Mama, we haukujua?"

Nilisema sikujua. Aliendelea kumkanda taratibu, akamwambia kwamba maji yatamtuliza lakini ugonjwa wa namna hiyo si kazi yake yeye, aende kwa daktari. Mimi nilikuwa nimesimama na kanga begani, na aibu iliyonipata ilikuwa kama ya mtu aliyekutwa amelala kazini. Pasaka ilikuwa imepita miezi saba.

Tulirudi mjini. Ukweli ni kwamba sikuhuzunika kwanza, nilikasirika. Mwanamke asiyemjua hata jina alimwuliza mara moja, akajibiwa. Tulikaa kwenye ukuta mfupi wa ufukweni, na hasira ilipopungua nikamwuliza kwa nini hakuniambia.

"Ungeniambia niache," alisema. "Na nikiacha, pale dukani nitakuwa nani?"

Nilitaka kukana, lakini alikuwa amesema kweli. Ningemwambia aache siku hiyohiyo, kwa sauti yangu ya darasani. Nikamwuliza vifungo vya shati anavifungaje. Akasema havifungi, ndiyo maana ya fulana. Halafu akaeleza mengine bila kuulizwa: bwana harusi ambaye koti lake alilifumua mara tatu, na asubuhi ambazo huwahi dukani akae na cherehani peke yake kabla wateja hawajafika. Alizungumza muda mrefu kuliko nilivyomsikia akizungumza mwaka mzima. Nilijizuia kumpa ushauri, na haikuwa rahisi.

Siku mbili zilizobaki zilikuwa likizo kweli. Alifua fulana zake, mimi nikamnunulia shati sokoni, na kila asubuhi nikamfunga vifungo, yeye akilalamika kwamba mishono ya bega imekaa vibaya. Aliingia majini mpaka magotini, na maji yalikuwa baridi kama alivyosema.

Daktari alikuta mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono. Wameshamfanyia upasuaji mdogo. Vidole viwili vimerudi, kimoja bado. Jumamosi naenda naye dukani. Yeye anapima na kuchora, mimi nakata. Juzi nilikata mkono wa koti ukatoka mfupi, naye akanyamaza kwa upole mpaka nikamwambia aseme tu.