Mtoto Wangu Amepanda Watu wa Plastiki, Lawama Imemwendea Jirani

Admin, nifiche jina tafadhali. Sasa hivi tu mtoto wangu amemwagilia mtu maji. Amechuchumaa hapo mlangoni na kikombe chake cha uji, akachimba na kijiko, akamsimamisha mtu wa plastiki kwa shimo na kumfunika mpaka shingo. Halafu akaniambia polepole, "Mama, usimkanyage, ataota." Nimemng'oa haraka nikamficha kwa blauzi. Hata ninapowaandikia, ananidunga kifuani.

Mimi ni mama wa miaka ishirini na mbili, niliachia shule darasa la nane, nimeolewa huku upande wa Magwagwa. Mtoto wangu ni msichana wa miaka minne, tumwite Kemunto. Baba yake anauza mitumba Masimba na huja nyumbani wikendi. Siku moja alifungua belo ya makoti ya watoto akapata mfuko wa watu wadogo wa kijani. Ukiwaangalia haraka utasema ni wale wanajeshi wa plastiki wa kuchezea, lakini hawa hawana bunduki. Kila mmoja amesimama juu ya kaubao kenye magurudumu. Mwingine ameruka, mwingine amekunja goti, mwingine ametupa mikono kama anaanguka. Baba Kemunto alituonyesha kwa simu yangu video ya vijana wa ng'ambo wakiteleza hivyo barabarani. Kemunto alicheka, akalala amewakumbatia.

Nyuma ya boma letu anaishi mama mzee mjane, tunamwita Magokoro, yaani nyanya. Nikienda kuchuma majani chai yeye ndiye hubaki na Kemunto. Kuna siku walipanda viazi vitamu pamoja, akamwambia, "Ukizika kipande kimoja cha mmea, Mungu anakurudishia kikapu." Mtoto akashika hayo maneno. Akaenda kuzika watu wake wapate kuwa wengi. Mimi sikujua.

Nimejua juzi, mama mkwe akipalilia mboga za chinsaga nyuma ya zizi. Jembe lilimtoa mmoja, yule wa kukunja goti, ubao umekatika. Mama mkwe anaumwa goti tangu mvua zianze. Alimwokota na jani la ndizi, hakutaka kumgusa na mkono.

"Oneni hili goti," akasema. "Ni langu. Kuna mtu amenizika nikiwa hai."

Hakuwa amewahi kuona hawa watu. Kemunto huchezea chumbani kwetu, na kwa heshima ya huku mama mkwe haingii pale mwanawe analala. Nikaanza kusema, "Mama, hiyo ni ya..." Shemeji akanikata. "Wewe umekuja juzi, unajua nini? Nani hupita nyuma ya zizi akienda mtoni? Si ni yule mama mzee?"

Nilimchukua Kemunto ndani nikamuuliza nani alimwambia azike watu. Akanijibu akitabasamu, "Magokoro alinifundisha."

Nikinyamaza, mama wa watu ataumia bure. Nikisema ukweli, wataita mtoto, na mtoto atataja jina hilo hilo. Watasema Magokoro alimtumia mtoto wangu, au amemwachia uchawi wake. Mnajua huku maneno kama hayo yakishatoka hayarudi. Nilipigia baba yake simu, akaniambia, "Nyamaza mpaka nije. Usiwashe moto na mimi siko."

Lakini moto umeshawaka. Shemeji na vijana wenzake wanakaa pale njia panda wakimwangalia Magokoro akipita, na hakuna anayemsalimia. Jana alisimama kwa ua na ndizi mbivu mkononi. "Mama Kemunto, mtoto ni mgonjwa? Sijamuona." Nikamwambia amelala. Kemunto alikuwa anacheka huko ndani, na yeye alimsikia. Aliweka ndizi juu ya ua akaenda.

Tangu hapo siketi. Nashika jembe, naacha, nashika tena. Najifanya nachuma mboga kumbe natafuta watu. Wengine nimewapata, wengine Kemunto mwenyewe amesahau alipowapanda. Na mama mkwe si mtu mbaya, jamani. Nikiwa na mimba ndiye alinikanda mgongo. Naamini akinisikiliza pole pole ataelewa, labda hata acheke. Shida ni kwamba leo mchana hatakuwa peke yake. Ameita mzee wa kijiji na wazee wa kanisa, na Magokoro ameambiwa afike ajibu.

Nimefikiria niwapange mezani hawa niliowapata, mbele ya wote, niwaonyeshe na ile video kwenye simu. Roho moja inasema nenda. Nyingine inasema utamuuza mtoto wako. Nyinyi mliotangulia kwa maisha, nishaurini, nifanye nini? Nimngoje baba yake, au nisimame nikiwa...

Naitwa. Mama mkwe anasema wageni wamefika, nilete viti. Kemunto simuoni hapa, na kikombe chake hakipo. Nasikia huko nje Magokoro akimwambia, "Nionyeshe, mjukuu wangu, umepanda nini?" na sasa mama mkwe anauliza kwa nguvu hicho kitu cha kijani mtoto ametoa wapi...