Lenzi ya Shemeji

Mume wangu hamwamini mtu. Wateja wamembandika jina la Hebu-Tuone, maana hata ukimwambia mvua inanyesha, atatoa mkono dirishani kwanza. Ni mpiga picha. Safari hii shule moja ilimpa mahafali kwa majaribio, apige akiwa ndani ya ukumbi, nyuma kabisa. Akiharibu, kazi ya kila mwaka inakwenda kwa mwingine. Ikabidi atafute lenzi ndefu, ya kuvuta vitu vya mbali.

Dukani kwa kaka yangu zilikuwepo mbili. Moja orijino, ya kampuni iliyotengeneza kamera yenyewe. Ya pili ya kampuni nyingine kabisa, ila inaingia kwenye kamera ileile, tena kwa nusu ya bei.

"Shemeji, chukua hii ya nusu," kaka alisema. "Picha hutazitofautisha."

"Mbona unanisukumia hii?"

"Kwa sababu naujua mfuko wako!"

Weee! Hapo ndipo mashaka yalipompanda. Aliichukua, lakini kwa sharti la kuijaribu wiki nzima. Njiani akanunua kioo cha kuikinga, kile cha duara kinachofungwa mbele ya lenzi isichubuke, kwa muuza vifaa wa barabarani. Muuzaji huyo mume wangu hakumshuku hata kidogo, nashangaa mpaka leo.

Nyumbani alibandika gazeti ukutani, akasimama mwisho wa korido, akapiga. Ukungu mtupu. Akarudi dukani mbio, akamwita kaka yangu tapeli mbele ya wateja. Kaka alimpa ile orijino, akasema, "Haya, kajaribu na hii."

Mume wangu akarudi nyumbani, akahamishia kioo chake kwenye orijino, akapiga. Ukungu uleule.

"Umeona? Hata orijino yake feki! Ndugu yako anatuchezea."

Nilichoka jamani. Kaka aliyenilea anaitwa tapeli ndani ya nyumba yangu! Nikamnyang'anya kamera, nikakifungua kile kioo, nikakiweka jichoni. Ukuta wote ukafifia.

"Piga sasa," nikamwambia.

Akapiga. Gazeti likasomeka hadi matangazo madogo ya vifo. Akafunga ile lenzi ya nusu bei, ikasomeka vilevile. Akakaa kitini.

Mahafali aliyapiga kwa lenzi hiyohiyo ya nusu bei, na mwalimu mkuu akampa kazi. Siku ile nilifurahi kweli. Nikamwambia, "Baba watoto, sasa twende ukamwombe kaka radhi."

Alikuwa anapangusa kamera. Akaacha.

"Ngoja kwanza. Wewe hujawahi kushika kamera. Nani alikuambia ufungue kile kioo?"

"Nani aniambie? Nilikitazama tu."

"Ulikitazama tu." Akanikazia macho. "Au mlipanga na kaka yako?"

Miaka kumi na minne nalala kitanda kimoja na mtu huyu. Nilivaa viatu, nikaenda kuomba radhi peke yangu.