Kijiti cha Mumbua Kilichokataa Kupinda

Mumbua hakusoma sana, kama mimi tu, lakini mpe kioo atakuambia kama kina hasira ndani. Ndivyo tunavyosema sisi wa karakana ya vioo hapa Doha. Kioo kikitoka motoni kikapoa haraka, hubaki na mkazo usioonekana, na siku moja hupasuka chenyewe mezani pa mtu. Kwa hiyo tunakirudisha kwenye tanuri la kupozea, kipate joto lake kamili, kisha kipoe polepole. Kazi ya Mumbua ni kukipima. Anakiweka kati ya karatasi mbili nyeusi za plastiki, mbele ya taa. Kikiwa salama unaona giza tu. Kikiwa na mkazo unaona rangi kama za upinde wa mvua.

Jumamosi hiyo tulikuwa na vifuniko sitini vya taa za hoteli, na gari lilikuwa linakuja saa nane. Mimi ndiye mfungaji. Nilikuwa nimeshakunja karatasi ya kwanza ya kufungia Mumbua aliposema, "Mama Bradley, hebu ngoja. Naona rangi."

Silvesta, msimamizi wetu, akaja mbio. "Rangi gani? Kipimajoto cha tanuri kilisoma digrii mia tano arobaini, kama kawaida."

"Kipimajoto kinaweza kudanganya, kaka. Kioo hakiwezi."

"Wewe juzi ulikuwa na ufagio, leo unabishana na mashine? Ukikosea, Mumbua, unarudi kwa ufagio."

"Nitarudi. Lakini sahihi yangu hapa siweki."

Akachukua kijiti chembamba cha kioo cha aina ileile, akakilaza juu ya matofali mawili ndani ya tanuri, akaliwasha. Kijiti hicho hulegea katikati namba ya kipimajoto ikifika mia tano sitini. Daftari lake linasema hivyo mwaka mzima. Tukachungulia kwenye tundu la mlango. Mia tano sitini, kimenyooka. Sabini, kimenyooka. Mia tano tisini ndipo kikapinda.

"Digrii thelathini," Mumbua akasema. "Tanuri lina baridi kuliko linavyojisifu."

Lilipopoa, Silvesta akaingiza kichwa na tochi. Ncha ya waya wa kipimajoto ilikuwa imesukumwa hadi kwenye koili ya moto, badala ya kukaa katikati penye vioo. "Nani aligusa hii?"

Nilimwona Mumbua uso ukimbadilika. Alhamisi alilisafisha tanuri hilo mbiombio ili awahi mazoezi ya kwaya kanisani kule Mesaimeer. Hakuna aliyemwona ila mimi, na Mungu anisamehe, mimi nisingesema.

"Ni mimi, kaka. Nilirudisha waya vibaya."

Silvesta akamtazama, akatazama vifuniko, akampigia dereva asije. "Ufagio utangoja," akasema. "Andika kwa daftari ulichokosea. Halafu andika ulivyokigundua, mwingine asaidike."

Akaandika yote mawili, herufi moja moja, kalamu ameikaza. Kisha akaurudisha waya mahali pake mwenyewe, akapima tena kwa kijiti kipya: mia tano sitini, kikapinda. Ndipo vifuniko vyote sitini vikarudi ndani.

Kesho yake akainua kifuniko cha kwanza, akakiweka kati ya zile karatasi nyeusi. Nilisogea nione. Giza tupu.

"Asante Yesu," akasema, akaweka sahihi, akanisukumia kifuniko. "Haya, Mama Bradley. Funga."