Pareto Ilisingiziwa

Niliporudi Kuresoi kutoka hospitali ya wagonjwa wa akili, nilikuwa na kopo la vidonge na hamu moja tu: kumbeba binti yangu. Alikuwa na miezi minane, na mama mkwe ndiye aliyekuwa akimlea tangu nilipoanza kusikia watu wakinong'ona ndani ya ukuta. Miaka ya hamsini ilikuwa inaelekea ukingoni. Dawa zenyewe zilikuwa ngeni, na hakuna aliyetuambia zingetufanya nini.

Minong'ono ilikwisha. Mdomo ulinikauka, nikawa nasinzia hata nikiwa nimesimama, lakini hayo niliyavumilia. Kilichonishinda ni ngozi. Wiki ya pili tangu nianze tena kuchuma pareto kwenye shamba la mzungu, uso uliiva, shingo ikavimba, mikono ikaambuka. Mama mkwe alimkumbatia mtoto akarudi nyuma hatua mbili.

"Hiyo kitu ikipona ndio utamshika," alisema.

Sikumlaumu. Kusema kweli nilimlaumu sana, ila kimoyomoyo.

Kambi nzima ya wafanyakazi ilikuwa na jibu moja: pareto. Kila mchumaji alijua maua yale huwasha, na kila mmoja alikuwa na shangazi aliyewahi kuvimba macho. Wakanipaka mafuta ya kondoo, nyapara akanipumzisha. Nikawa nakaa nje ya nyumba kutwa nzima, juani, nikimenya njegere huku nikimeremeta mafuta. Ngozi ikazidi kuharibika.

Hapo nikaanza kuvishuku vidonge. Niliacha kuvimeza, nikalificha kopo ndani ya debe la unga bila kumwambia mtu, hata mume wangu. Baada ya siku kumi hivi ngozi ilikuwa imetulia, imebaki madoa tu. Mama mkwe alinishika mikono, akaigeuzageuza kama anayechagua viazi sokoni, akatabasamu.

"Haya, mshike."

Lakini tangu jana yake ukuta ulikuwa umeanza tena. Taratibu, kwa upole, jina langu tu. Mtoto alininyooshea mikono. Nililia mbele yao, sikuona haya.

"Bado, mama," nilimwambia. "Nimeacha dawa na zile sauti zimerudi. Usinipe."

Nilingoja matusi. Badala yake alimfunga mtoto mgongoni, akachukua kopo nililolifukua kwenye unga, tukashika njia kwenda dispensari kwa miguu.

Dresa, mhudumu aliyetibu watu pale, alinigombeza kwanza kwa kuacha dawa. Kisha akaniambia nilegeze kola ya gauni.

"Vumbi ya pareto inaingia mpaka ndani ya nguo," alisema. "Sasa hapa mbona uko sawa?"

Kweli, madoa yaliishia pale gauni lilipoanzia.

"Ni jua, mama. Hii dawa na jua haziivi chungu kimoja. Meza dawa, na ujifunike."

Nikajifunika basi! Koti la mvua la mume wangu, kofia pana ya ukindu, na soksi nilizozitoboa nikazivaa mikononi. Wachumaji walicheka hadi wakakalia vikapu vyao. Nyapara akaniuliza kama naenda kurina asali. Nami nilicheka, ingawa joto lilinitesa, na usingizi ule haukuniacha kwa miaka mingi. Ukuta ulinyamaza. Ngozi haikuambuka tena.

Adhuhuri moja mama mkwe alinifuata shambani. Alinigeuza, akamweka mtoto mgongoni mwangu juu ya koti, akaanza kufunga leso. Nilimuuliza kama haogopi.

"Nilikupa mtoto, wewe mwenyewe ukasema nisikupe," alisema, akikaza fundo. "Sasa mimi niogope nini?"